Mwaka Mzima Nikitumia Sahihi Yako

Baba Wairimu, huko uliko,

Nimeliondoa jina lako kwenye kompyuta za maduka, zote arobaini na moja. Nimeona nikuambie mimi mwenyewe, maana nakujua, ukisikia kwa watu utauliza kwanza kwa nini sikukushauri. Ya mwisho ilikuwa Jumatano iliyopita, saa nane mchana. Leo ni Jumapili, tumerudi kutoka kanisani, Wairimu amejilaza kwenye kochi na soksi mbili mbili kwa baridi hii ya Julai, nami nimekaa kwenye meza yako hapa nyumbani Skuta, upande wako, kwa sababu upande wangu umejaa nguo za kupigwa pasi. Ndiyo, bado.

Barua hii nimeamua iwe wazi, isomwe na yeyote. Kuna watu wanaostahili kujua nilichokuwa nikifanya tangu ulipotuacha, na sina nguvu ya kumwandikia kila mmoja ya kwake. Kwa hivyo utanisamehe nikieleza mambo unayoyajua kuliko mimi.

Ulikuja darasani kwangu kule Ruring'u, Jumamosi moja, siku zile nilipokuwa nikifundisha watu wazima kompyuta katika chumba kimoja juu ya duka la viatu. Wewe ndiye uliyekuwa mkubwa kuliko wote, afisa wa mifugo mzima, viatu vyako vya mpira umeviacha mlangoni na matope yake, na kwapani umebana daftari. Ndani ya daftari kulikuwa na vipimo vya dawa tu: ng'ombe wa kilo hizi, dawa hii, mililita hizi, maziwa yasinywewe siku hizi. Ulikuwa umeandika kwa mkono kwa miaka, kwa sababu ulichoka kuona wauzaji wa agroveti, yale maduka ya dawa za mifugo, wakikisia, na ndama wakifa kwa dawa ya minyoo iliyopimwa kwa kifuniko cha chupa. Ukaniuliza, "Mwalimu, hii yote inaweza kuingia ndani ya mashine?" Nikakuambia inaweza. Sikujua kwamba nimejibu swali la ndoa.

Iliingia, ingawa ilinitoa jasho. Tuliipa jina Kipimo, kwa sababu hukutaka jina la mbwembwe. Muuza dawa anaandika mnyama gani, uzito gani na dawa gani, na Kipimo inamjibu: mpe kiasi hiki, na maziwa yake yasiuzwe hadi siku fulani. Mimi niliandika programu, wewe ukasimamia vipimo, na ikawa hivyo miaka yote. Wateja walipokuuliza bosi ni nani kati yetu, ulikuwa ukisema, "Mimi ni mtu wa Murang'a nimeoa Nyeri. Sasa unauliza nini?" Wanacheka, maana wanawake wa Nyeri husemwa kuwachapa waume zao, nakuchapa begani, nawe unawaambia, mmeona?

Hatukuwa na kampuni kubwa nyuma yetu. Programu yetu haikuuzwa kwenye yale maduka ya mtandaoni ambako kila kitu kimekaguliwa na watu wa mbali. Tuliisambaza wenyewe, flashi mfukoni, duka kwa duka, kutoka Othaya hadi Karatina hadi Nanyuki. Nakumbuka siku tulipoiweka kwa Bwana Jayesh hapa mjini, ambaye familia yake imeuza dawa za mifugo katika duka lile lile tangu babu yake. Kompyuta yake ilitoa onyo la manjano kwamba mtengenezaji wa programu hii hajulikani. Bwana Jayesh alivaa miwani, akasoma mpaka mwisho, akakasirika kwa niaba yetu. "Inasema ati nyinyi hamjulikani," akasema. "Mimi nakujua. Hii yenyewe ni nani?"

Ulicheka sana siku hiyo, lakini jambo lile lilikukaa. Ulisema njiani kwamba Bwana Jayesh ametukubali kwa sababu anatujua sura, na kwamba sura haiwezi kuingia ndani ya faili.

Kisha ikaja wiki ya lile faili la WhatsApp. Mtu ambaye hadi leo hatujamjua alituma kwenye kundi la wenye agroveti faili lenye jina letu, na maneno "Kipimo mpya, weka haraka". Wakaliweka, kwa sababu jina ni letu na kundi ni lao. Mashine za maduka matano zilijaa takataka. Huko Karatina vipimo vyenyewe vilivurugika, tena siku ya soko, na kama mwenye duka asingekuwa mama makini aliyeona mililita za ng'ombe zimeandikwa mbele ya mbuzi, sijui tungezungumza nini leo. Alizima kompyuta akarudi kwenye daftari. Wewe ulizunguka yale maduka matano ukisafisha, na uliporudi nyumbani hukutaka chai. Ulisema neno moja tu: "Mashine lazima ijue mkono wetu."

Hapo ndipo tulipotengeneza sahihi. Kwa wasiojua, mambo yako hivi. Kuna ufunguo wa siri, ambao si chuma bali ni faili dogo lenye tarakimu nyingi, na huo ndio unaotia sahihi kwenye kila toleo jipya la programu. Kila kompyuta ya duka ina nusu yake nyingine, ambayo haiwezi kutia sahihi, inaweza kuitambua tu. Asubuhi duka likifunguliwa, Kipimo inachungulia tovuti yetu. Ikikuta toleo jipya inalichukua, inaangalia sahihi, na kama herufi moja imeguswa baada ya sahihi kuwekwa, inalitupa faili lote na kuendelea na la jana. Muuzaji hafanyi chochote. Hakuna flashi, hakuna kundi, hakuna weka haraka.

Tuligombana kuhusu mahali pa kuweka huo ufunguo. Mimi nilitaka mambo mepesi. Wewe ulitaka ukae kwenye ile laptopu kuukuu ambayo haijawahi kuunganishwa na mtandao, ndani ya kabati, chini ya blanketi la harusi. Ulishinda, kama kawaida yako ya kunyamaza mpaka mtu achoke. Basi ikawa kila vipimo vikibadilika, ninakuchapishia orodha Jumamosi, unakaa na kalamu nyekundu, chai na nduma za kuchemsha pembeni, midomo ikicheza unaposoma, na ole wake anayekusemesha. Ukimaliza ndipo unapoitoa laptopu chini ya blanketi. Na kwenye kila duka, chini ya skrini, kulikuwa na mstari mmoja mdogo wenye jina lako: Imethibitishwa na J. Ndirangu. Maana yake ilikuwa moja, kwamba mtu wa mifugo amesoma vipimo hivi na ameridhika.

Uliongeza na sheria nyingine ambayo niliiona ni mbwembwe. Ulitaka jina kwenye ule mstari likibadilika, mashine isikubali yenyewe. Itoe maneno sita kwenye skrini, na mwenye duka asibonyeze kitu hadi mmoja wetu ampigie simu na kumsomea maneno yale yale sita. Ulizunguka ukiwafundisha watu hivyo, mmoja mmoja. Nilikuuliza jina litabadilika kwa nini, ukasema, "Tutazeeka, Muthoni." Hatukuzeeka sote.

Kichwa kilikuuma Jumanne, na Alhamisi ukawa umeenda. Sitayarudia hayo. Tulikuzika Ijumaa ya wiki iliyofuata kwenu Murang'a, kwenye shamba la mama yako, na mvua ilingoja tumalize.

Jumatatu iliyofuata nilikuwa na toleo ambalo lilikuwa tayari kabla hujaugua. Kulikuwa na dawa mpya ya kupe ambayo maduka yalikuwa yakiiulizia, na ulikuwa umeshaisoma. Nikafungua kabati, nikatoa laptopu, nikaandika nywila yako na kuweka sahihi. Nilijiambia kwamba hilo ni halali kwa kuwa uliisoma. Kesho yake asubuhi Bwana Jayesh akanipigia. "Mama Wairimu, leo nimeona jina ya mzee hapa kwa computer," akasema. "Nimefurahi sana." Nilimshukuru. Sikumweleza chochote, na baada ya kukata simu nilienda nikaketi kitandani, karibu na kabati, nikajisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile.

Lililofuata hukulisoma. Wala lililofuata hilo. Nilisoma mimi, na zile karatasi za maelezo zinazokuja ndani ya maboksi ya dawa, mara tatu kila moja, nikikagua kama mtu anayesahihisha mtihani wa taifa. Sikukosea. Lakini mimi si mtu wa mifugo, na jina nililoweka chini halikuwa langu. Mwaka mzima, mume wangu, nimekuwa nikitia sahihi yako kwenye vipimo ambavyo hukuviona. Nilikuwa nimekuzika Murang'a, lakini huku Nyeri ulikuwa bado unakwenda kazini, na mimi nilipenda iwe hivyo. Hilo ndilo nilitaka watu walisikie kutoka kwangu.

Sasa nikuambie kilichonitoa huko. Tulipofanya ibada ya kukukumbuka, dada yako Gathoni alinijia na flashi.

"Nimekuletea picha zote za Ndirangu," akasema, "na ile video ya mazishi. Nimeweka zote hapa, hata za zamani."

Wairimu akaichomeka kwenye kompyuta yake papo hapo, maana alitaka kukuona. Ukatokea, umevaa suti, umevaa aproni, umeshika mkia wa ng'ombe wa watu. Na katikati ya picha hizo nikaona folda ndogo yenye jina "ufunguo-nakala". Niliitazama kwa muda kabla sijaelewa ninachotazama.

"Gathoni, hizi zote mlizitoa wapi?"

"Si kwa ile flashi yake ya blue, ile ilikuwa kwa drawer. Wiki ile ya mazishi tulikuwa tunatafuta ile picha amevaa koti, ya kuweka mbele ya kitabu."

"Na mkaipeleka wapi?"

"Kwa saiba, wakaprint eulogy. Halafu mtu wa video akaichukua. Halafu mimi nikacopy nikapea kila mtu wa familia, hata wale wa Nanyuki." Akaniangalia usoni. "Kwani iko shida? Si ni picha tu?"

Hapo nilikukasirikia, Baba Wairimu, kwa mara ya kwanza tangu ufe, na nakuambia ukweli kwamba nilisikia nafuu. Wewe! Uliyenikataza hata kuleta simu karibu na ile laptopu! Nakala ya ufunguo ulikuwa umeiweka kwenye droo, pamoja na picha za harusi za binamu zako. Najua ungesema ni ya dharura, na kwamba bila nywila haifai kitu. Nilijaribu kujituliza kwa hilo hilo. Kisha nikakiona kile kijitabu cha mazishi juu ya kabati la vyombo.

Nywila yako ilikuwa majina ya ndugu zako kwa mpangilio wa kuzaliwa, ukijiacha wewe mwenyewe nje. Uliniambia siku ulipoichagua, na nikaona ni jambo zuri, mtu kufunga kazi yake kwa ndugu zake. Nani angejua mpangilio wa watoto wa mama yako? Lakini kwetu mtu akifa, wasifu wake unaanza na nini? Nilikifungua kijitabu. Ukurasa wa kwanza, chini ya picha ya koti: mwana wa fulani na fulani, ndugu yao Kariuki, Wangui, Gathoni na Muriithi. Nywila yako nzima, kwa mpangilio wake, imechapishwa kwenye vijitabu mia tatu. Na kama hiyo haikutosha, ilisomwa na Gathoni mwenyewe mbele ya waombolezaji.

Nilipomweleza alishika mdomo kwa mikono miwili. "Woi," akasema, "kwani nilisoma password kwa microphone?" Tukaangaliana. Halafu kicheko kikatushika, tukacheka hadi Wairimu akatoka jikoni kuja kuuliza kuna nini.

Baada ya kicheko, hofu ilibaki. Ufunguo ulikuwa kwenye kompyuta za saiba, yaani duka la intaneti lililochapisha kijitabu, kwa mtu wa video na katika nyumba za jamaa kumi na kadhaa, na nywila ilikuwa kwenye meza za sebule zao. Mwenye nia mbaya angehitaji pia kuivunja tovuti yetu, na hilo si rahisi, lakini wewe ulinifunza nisiegemee mlango mmoja. Siku atakapoweza, ataandika kipimo anachotaka, atatia sahihi ya J. Ndirangu, na asubuhi maduka arobaini na moja yatakipokea bila kuuliza, kwa sababu sisi wenyewe tuliyafundisha kukuamini. Mkulima wa Mukurwe-ini atamdunga ng'ombe wake dawa kwa bomba la sindano akijua ni wewe umesema.

Nilijua hapo hapo la kufanya. Nilipaswa kutengeneza ufunguo mpya wenye jina langu, niupeleke kwenye maduka kwa toleo moja la mwisho lenye sahihi yako, na kila duka likishaukubali, lisikutambue tena. Kazi yenyewe ni ya siku mbili. Nilikaa wiki tatu bila kuigusa. Nilipanga kabati. Nilisahihisha insha za watoto wa majirani. Niliogopa ile asubuhi ambayo hakuna skrini hata moja itakayokutaja, na sikuwa na mtu wa kumwambia jambo la kipuuzi namna hiyo.

Mwishowe nilianza kwa sababu ya ndoto ya mchana, nimesinzia kwenye kochi, nikakuona uko kwenye boma la mtu, ng'ombe amelala, na mwenye boma anakuonyesha karatasi yenye jina lako. Nikaamka nikaiwasha laptopu nyingine. Nywila niliyochagua haitasomwa kwenye mazishi yangu, nakuhakikishia.

Kisha nikashika simu. Maneno yangu sita yalikuwa mkeka, radi, shayiri, kinu, pamba, daraja, na sasa nayajua kama sala. Nilidhani nitapiga simu kumi kwa siku. Sikuweza zaidi ya nne, kwa sababu hakuna aliyetaka maneno sita tu. Kila mtu alikuwa na la kwake kuhusu wewe. Mama wa Othaya aliniomba nisubiri kwanza, aupige picha ule mstari wa jina lako kwa simu yake, ndipo abonyeze. Bwana Jayesh alirudia kila neno baada yangu kwa makini, hadi daraja.

"Iko sawa zote," akasema. "Lakini sasa mzee anaenda wapi?"

"Anapumzika, Bwana Jayesh."

"Haya. Mimi nabonyeza. Lakini roho inakataa kidogo."

Arobaini walikubali. Mmoja alikataa, na unamjua kabla sijamtaja. Daktari Wekesa wa Naro Moru, yule daktari wa mifugo kutoka Bungoma ambaye amekaa huku hadi anawatania watu kwa Kikuyu. Nilimsomea maneno yote sita, naye akaniambia kwa upole, "Mama Wairimu, hapana. Hii kitu siwezi kubali kwa simu."

"Daktari, sauti yangu unaijua."

"Naijua sana. Lakini Ndirangu alisimama hapa kwa ofisi yangu akaniambia, hata bibi yangu akipiga, kataa. Mwambie akuje, akae kwa kiti, umuulize."

Nilikata simu bila kuaga vizuri. Hata bibi yangu! Miaka yote nimekupikia nduma ukisoma vipimo vyako, na huko Naro Moru unawaambia watu wasiniamini. Niliosha vyombo kwa hasira hadi Wairimu akaniambia nitavunja sahani. Ilinichukua siku nzima kuelewa kwamba hukusema wasiniamini. Ulisema waniulize.

Kwa hivyo Jumatano nikaenda, na laptopu zote mbili mkobani. Mlima ulikuwa umejifunika mawingu tayari. Daktari alikuwa ametoa kiti akakiweka mbele ya meza yake. "Ndio hicho," akasema. "Karibu, mama." Akaagiza chai, akangoja nimalize nusu kikombe.

"Mimi nilijua jina ya Ndirangu inamaanisha nini," akaanza. "Ilikuwa inasema, mtu wa mifugo amesoma hii dose. Sasa hiyo yako inasema nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari za funguo na tarakimu. Badala yake yakatoka mengine. "Daktari, nisamehe. Tangu afe, ni mimi nimekuwa nikiweka jina lake."

"Hiyo nilijua."

"Ulijua?"

"Si nilikuwa kwa mazishi? Tumezika Ijumaa, Jumanne asubuhi naona jina yake kwa computer. Nikasema, huyu mama bado analia, nimwache. Lakini dose yoyote mpya nilikuwa nacheck na kitabu yangu kabla nipatie mtu."

Niliona aibu. Kumbe wote walijua. Bwana Jayesh alikuwa mazishini, mama wa Othaya alikuwa mazishini. Nilidhani ninawaficha kitu, kumbe wao ndio waliokuwa wakinivumilia, mwaka mzima, bila neno.

"Uliona kosa?" nikamuuliza.

"Hata moja. Lakini Ndirangu alikuwa anasoma yako. Sasa hivi ni nani anasoma nyuma yako?"

"Hakuna."

"Basi leta nisome mimi. Jina weka yako, maana ni kazi yako. Lakini usiweke kabla sijasoma."

Akasoma pale pale, orodha nzima, akifuata kwa kidole, na watu wawili waliokuja kutafuta dawa ya kuku wakasubiri. Alisimama mahali pamoja tu, penye siku za kutokunywa maziwa kwa dawa moja ya kititi, ule ugonjwa wa kiwele. Watengenezaji walikuwa wameongeza siku, akanionyesha karatasi. Niliangalia kwenye kumbukumbu zetu ni nani aliyeipitisha ile ya zamani. Ni wewe, miaka minne iliyopita, kwa kalamu yako nyekundu. Hukuwa umekosea. Ulichosoma kilikuwa sawa siku ulipokisoma, ila dunia imeendelea na wewe hukuwepo kuisoma tena. Nimekuwa nikisikia pole za watu tangu ufe, lakini hakuna iliyoniambia umekufa waziwazi kama ile idadi ya siku.

Tukairekebisha. Nikamsomea maneno sita, uso kwa uso safari hii, naye akabonyeza.

Sikuwa nimemaliza. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba kufuli isiyojaribiwa si kufuli. Nikafungua laptopu yako kuukuu mbele ya Daktari, nikatengeneza faili tupu, nikalitia sahihi kwa ufunguo wako na kuliingiza kwenye mashine yake. Kipimo ilifikiri kwa sekunde moja. Kisha ikaandika: Sahihi hii haitambuliki. Faili limekataliwa.

"Imekataa," Daktari akasema. "Si ndivyo ulikuwa unataka?"

"Ndivyo hasa."

Kazi ilikuwa imefanyika vizuri, Baba Wairimu. Ungesimama pale ungeridhika, hakuna ndama wa mtu atakayedhurika kwa jina lako. Nilikaa nikiyatazama yale maneno, kisha nikamwomba Daktari ruhusa nijaribu tena mara moja tu. Alisogeza kiti chake pembeni, akatazama dirishani, akaniachia mashine. Nikakuingiza tena, na ikakataa tena.

Lala salama, mpenzi wangu. Tumekuruhusu upumzike.

Mkeo,
Mama Wairimu